Kol ya Tatu

Prefe aliponiambia kwamba kesho yake anapita kol, nilimwuliza kol ya shati gani. Mimi ni fundi wa nguo. Kwetu Uvira kol ni ile sehemu ya shati inayozunguka shingo, wengine wanaiita kola au ukosi, na huyu bwana alikuwa amesimama mbele ya cherehani yangu ameshika shati. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Hapana, Mama fundi. Kol ya mulima. Pale njia inapita katikati ya milima mbili, inapanda huku, inashuka kule."

"Sasa mulima nayo iko na kol?"

"Iko na kichwa, iko na mabega. Itakosa kol juu ya nini?"

Nilimwambia aache shati aende zake, nina kazi. Lakini neno lilinikaa. Jioni nikifunga cherehani nilitazama vilima vya upande wa Dowa, nikaona kweli, kati ya kilima na kilima pana mahali panapobonyea, na njia ikitaka kupita itapita hapo hapo. Nilikuwa nimekaa katika kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, miaka mingi nikiviona vilima vile kama ukuta tu.

Prefe, kwa asiyejua, ndivyo Wakongo tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi zake na huko ndiko lilikokaa. Kambi nzima, kuanzia mapasta mpaka wauza usipa, dagaa wa huku, tulimwita Prefe, hata Wamalawi wa nje ya kambi wakadhani ndilo jina alilopewa na baba yake. Shule ya kuongoza hakuwa nayo tena. Alifundisha Kifaransa chini ya bati la kanisa, kwa watu waliokuwa wakingoja kwenda Kanada, na mtu akichelewa alifungiwa mlango. Mlango wenyewe ulikuwa pazia. Hata hivyo sikusikia kwamba kuna aliyethubutu kulisogeza.

Mimi nilimjua kwa kola zake. Mashati yake yalikuwa machache, yote ya mikono mirefu, na yote yalikufa kwa kuanzia shingoni, maana jasho la kupanda mlima linakula kitambaa kuliko sabuni mbaya. Kola ikichakaa nje nilikuwa naifumua, naigeuza ndani nje, naishona tena. Ikichakaa upande wa pili nilikata kipande cha mkia wa shati, kile kinachochomekwa ndani ya suruali ambacho hakuna anayekiona, nikamtengenezea kola mpya. Lipo shati lake moja lililobaki bila mkia kabisa. Nilimwambia, Prefe, siku shati hili likichomoka mbele ya wanafunzi wako utaaibika. Akasema halitachomoka, na sijasikia kwamba liliwahi kuchomoka.

Ndiyo, alipanda milima na baiskeli akiwa amevaa shati la kola na suruali ya pasi. Tai aliikunja akaitia mfukoni. Akifika juu, kwenye kol, alilaza baiskeli chini, akapangusa uso, akavaa tai. Nilimwuliza anavaa tai kwa ajili ya nani huko, kwa ajili ya nyani? Akasema mtu akifika mahali anajitengeneza. Alisimama hivyo na tai yake, kofia mkononi, anaangalia. Akishatosheka aliivua, akaikunja, akarudi.

Na alirudi kwa miguu. Hilo lilinichekesha kupita yote. Watu wote ninaowajua wanasukuma baiskeli mlima ukipanda, wakipanda juu yake mlima ukishuka. Prefe alikanyaga pedali kupanda mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, halafu kushuka akaongoza baiskeli kwa mkono kama anayepeleka mbuzi sokoni. Breki zake zilikuwa mbovu, hilo ni kweli, upande wa nyuma alikuwa amefunga kipande cha tairi kuukuu. Lakini nadhani hata angepewa breki mpya angeshuka vilevile. Alisema kwenye mteremko mtu haoni kitu, anaona tu mahali atakapoangukia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi nzito isiyo na vitesi, yaani gia, kama hizi za kabaza zinazobeba abiria Lumbadzi. Aliiazima kwa yeyote. Ukiwa na mgonjwa, ukiwa na gunia, ukiwa na haraka, unapewa. Pampu yake ndiyo hakuiazima kwa mtu, hata kwa pasta. "Kinga ikipotea, kuko kinga ingine," alisema, maana kwetu kinga ni baiskeli. "Pampu ikipotea, kinga yote njo imepotea." Watu wakamwita bahili, naye hakujali, aliendelea kulala na pampu chini ya mto.

Sasa nieleze jambo alilolitaka, kwa sababu bila hilo mtu atadhani namsimulia kichaa tu.

Kwenye njia ile ya vilima vya Dowa, Prefe alihesabu kol tatu. Ya kwanza ina mikaratusi. Ya pili ni pale wanawake wanapouza viazi vitamu vilivyochemshwa. Ya tatu hakuwa ameifikia, ila dereva mmoja wa lori la fodya, yaani tumbaku, alimwambia kwamba ukiwa pale siku isiyo na ukungu unaona ziwa. Sisi wa Uvira na Fizi tumekulia kati ya mlima na maji. Unaamka, mlima uko mgongoni, ziwa liko mbele ya macho. Hapa Dzaleka mbele ni mahindi na nyuma ni mahindi. Prefe alitaka kusimama mahali penye vyote viwili mara moja tu kabla miguu haijakataa. Hicho ndicho alichokitaka, hakuna kingine.

Kilichomzuia ni sheria. Siyo ile ya kambi, ambayo inasema mkimbizi asitoke bila ruhusa. Hiyo aliivunja kila alipopata nafasi, yeye aliyewafungia watu pazia kwa kuchelewa dakika mbili. Sheria iliyomzuia ilikuwa ya wabeba mawese wa kwetu, wale waliokuwa wakipandisha mafuta kwa baiskeli kwenye kona za Ngomo. Wao kol ya mwisho hawapiti peke yao. Wanapita wawili, na wa kwanza kufika juu anamngoja mwenzake, hata akikawia namna gani. Prefe alifanya kazi ile ujanani, kabla ya masomo, na sheria ile ilimwingia kuliko zote alizosoma baadaye. Kwa hiyo alifika kol ya pili, akavaa tai, akaangalia kule njia inakoendelea, akageuka. Alihitaji mwenzake wa kwenda naye.

Hakumpata. Wanaume wenzake walimwambia baiskeli ni ya kubeba mzigo, na mtu anayepanda mlima bila mzigo anatafuta nini? Vijana wa kabaza walitaka abiria. Pasta wetu mmoja, mnene na mwenye moyo mzuri, alijaribu, akatapika kwenye mikaratusi ya kol ya kwanza, akashushwa na trekta. Halafu mfanyabiashara mmoja wa Kindu, Mwislamu, mtu wa baiskeli tangu kwao, akakubali kabisa, wakapanga siku. Kabla siku haijafika jina lake likatoka, akasafiri na familia yake kwenda Amerika. Prefe akapata mwingine, mshona viatu. Naye jina likatoka.

Mnajua kambi ilivyo. Baada ya hapo ikasemwa kwamba ukitaka kesi yako itembee, mwahidi Prefe utakwenda naye milimani. Watu wakaanza kumjia. Mabibi wazee ambao hawajawahi kugusa baiskeli walimfuata baada ya ibada wakimwambia, "Prefe, mi naye, nitaenda na we ku kol." Yeye aliwashukuru wote kwa adabu, akawauliza wanaweza lini, wakasema watamwambia. Walichotaka ni baraka. Hakuna aliyeuliza kama yeye mwenyewe kesi yake inatembea.

Haikuwa inatembea. Mkewe na watoto walitangulia kufika Malawi, yeye akafika nyuma, na karatasi zao hazikukutana. Wao walipoitwa kwenda Australia, yeye aliwasindikiza mpaka kwenye basi. Alipigiwa simu Jumapili. Nilimsikia mara nyingi kwa sababu mtandao ulishika vizuri karibu na kibanda changu. Watoto walikuwa wameanza kujibu kwa Kiingereza cha kule, naye Kiingereza kilimpita, kwa hiyo aliwauliza kama kuna baridi. Walisema ndiyo au walisema hapana. Kisha mkewe alichukua simu na mazungumzo yakawa ya karatasi. Akimaliza aliniambia, "Bako sawa, Mama fundi," na akakaa kwenye benchi langu, na mimi nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili asijione ananyamaza peke yake.

Nisije nikamfanya mtu wa huzuni tu. Alinichekesha. Siku moja polisi walikuwa wameweka kizuizi kwenye njia ya kwenda Dowa, wakamsimamisha. "Mukupita kuti, bambo?" Baba, unakwenda wapi? Kichewa chake kilikuwa cha kuokoteza. Alijua tu kwamba mlima ni phiri, akajibu, "Kwa Phiri." Sasa Phiri ni jina la ukoo pia, na ukitupa jiwe Malawi hii litampata Phiri.

"Phiri uti?" yule polisi akauliza. Phiri yupi? "Wa fodya?"

Prefe hakuelewa, akasema eya, ndiyo. Polisi akamfungulia njia na kumwambia amsalimie sana. Prefe alipanda mpaka kol ya pili, akavaa tai, akautazama mlima na kuuambia, "Polisi anakusalimia." Tangu hapo kila alipoulizwa alikuwa anakwenda kwa Phiri, na alitusisitizia kwamba hajawahi kusema uongo.

Mimi nilianza kujifunza baiskeli nikiwa mtu mzima mwenye goti linalolia. Sikufanya hivyo kwa huruma, sipendi neno hilo. Nilichoka kukaa. Wanangu wote wawili walishuka Sauzi kutafuta maisha, na simu zao zilipungua mpaka nikawa najua habari zao kwa kuota. Mume wangu alizikwa njiani tulipokuwa tunakimbia. Kutoka kibandani hadi nyumbani, kutoka nyumbani hadi kibandani, mwaka unapita na hakuna anayejua ulikula nini. Nikamwambia Prefe anifundishe. Alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyenyoosha mkono kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe.

Tatizo likawa nguo. Mwanamke wa kanisa letu havai suruali, na sketi kwenye baiskeli ni ajali. Lakini mimi ni fundi, bwana. Nilijishonea jipe-kilote, suruali pana yenye marinda mengi mbele na nyuma, ambayo ukisimama kila mtu anaapa ni sketi. Mama mmoja wa kamati alinizunguka kanisani mara mbili akitafuta dosari, akarudi kukaa. Nilijifunzia nyuma ya uwanja wa mpira. Niliangukia upande wa kulia, nikaangukia upande wa kushoto, Prefe anakimbia nyuma ameshika kiti na kupiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga! Usiniangalie mi, mi sikimbie!"

Tulitoka asubuhi, mimi na baiskeli ya kuazima, baada ya kumwambia jirani kwamba tunakwenda kwa Phiri. Nilidhani yeye atatangulia. Akakataa, akasema anayejua njia anakaa nyuma. Kwa hiyo kupanda kote nilisikia pumzi yake nyuma yangu na ule mlio wa cheni yake, kwee, kwee, na nilipotaka kushuka nisukume alisema, "Usiangalie juu. Angalia tairi."

"Nikiangalia tairi nitaona nini?"

"Utaona iko inazunguka."

Nikaangalia tairi. Ilikuwa inazunguka kweli, polepole, na kando yake zilipita nyasi, kisha mawe, kisha kivuli cha mikaratusi, na hewa ikaanza kunuka dawa ya kifua. Ile ilikuwa kol ya kwanza. Akanishusha, akanigeuza kwa mabega nitazame nilikotoka. Kambi ilikuwa kule chini, mabati tu, padogo kiasi cha kufunikwa na kiganja. Nilitafuta kibanda changu sikukiona. Nilishtuka jinsi nilivyofurahi kutokiona.

Baada ya hapo njia ilikaa ubavuni mwa mlima, ikiingia na kutoka. Kila kona alisema "Angalia," neno hilo moja tu. Niliangalia. Mashamba ya karanga yameshuka kwa ngazi mpaka kijitoni, moshi wa jiko la mtu, wanawake watatu wenye kuni wakituangalia sisi kama sisi tulivyowaangalia wao. Miombo ilikuwa inatoa majani mapya, yale mekundu, na jua likipita ndani yake mlima mzima unaonekana una joto. Alikuwa amevipa vilima majina ya kazi. "Ile ya kipara njo Inspekta. Ile inainama, mama wa kantini. Zile mbili zimepeana mugongo, bwana na bibi." Nilimwuliza bwana na bibi waligombania nini. Akasema hajui, aliwakuta hivyo.

Kol ya pili nilifika pumzi imeniisha. Tulinunua viazi. Prefe akavaa tai, nami kwa aibu nikajifunga kitambaa changu upya. Kule mbele njia ilionekana ikiteremka kidogo kisha ikapanda tena, nyekundu, mpaka kwenye mbonyeo mwingine kati ya majabali mawili. Kol ya tatu. Haikuwa mbali. Nilikuwa tayari, na naandika hivi ili ijulikane kwamba nilikuwa tayari. Lakini mawingu yakatokea kule kule, kutoka upande wa ziwa, meusi, yakaijaza ile kol mpaka haikuonekana. Prefe alisimama akaitazama mvua ikija. Alivua tai.

"Itabakia pale," alisema. "Tutarudi kisha mvua."

Mvua ile ikawa ya kwanza ya masika, na masika yakawa marefu. Tulipanga kila Jumapili. Nilimgeuzia kola kwa ajili ya safari ile.

Hakuanguka mlimani. Aliteleza kwenye tope la bomba la maji, ndoo mkononi, mbele ya foleni ya wanawake, akavunjika nyonga. Mtu aliyepanda Ngomo na mapipa ya mawese akaangushwa na bomba! Alipelekwa hospitali Lilongwe, na ruhusa ya kwenda kumwona ilichukua muda. Nilipoipata nilipanda minibasi, nikapita Lumbadzi, nikapita Area 25, nikamkuta wodini kwenye kitanda cha ukutani. Huku kila mgonjwa anatunzwa na ndugu yake, ndiye anayempikia na kumfulia. Prefe hakuwa na ndugu. Alikuwa akila nsima, ugali wa huku, ya mke wa mgonjwa wa kitanda cha pili, mama wa mtaa wa Mtandire aliyemhurumia. Ndevu zilikuwa zimeota, shati halina kifungo cha juu. Hakutaka kukaa, ingawa manesi walimsihi ajaribu kila siku. Alilala akitazama dari.

"Kinga yangu wapi?"

"Iko kwangu."

"Pampu?"

"Iko chini ya mto wangu."

Akatikisa kichwa kuonyesha ni vizuri. Baadaye alisema, bila kunitazama, "Basi ile ya tatu imeisha, Mama fundi." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema maziwa yameisha. Iliniuma kuliko kama angelia.

Nilirudi kambini na hasira, sijui kwa nani. Siku ya pili yake nilivaa jipe-kilote, nikachukua baiskeli yake nyeusi, nikaenda.

Sitaongopa kwamba ilikuwa safari nzuri. Nyuma yangu hapakuwa na cheni inayolia. Kwenye mikaratusi sikugeuka kuangalia. Kwenye viazi yule muuzaji aliniuliza kwa ishara mzee yuko wapi, akionyesha shingo yake, yaani yule wa tai, nami nikamwonyesha nyonga. Kisha nikashika ile njia nyekundu. Breki ya kipande cha tairi ilinisaliti kwenye mteremko mdogo, nikaweka miguu chini, kandambili moja ikakatika. Nikaendelea na moja. Niliongea peke yangu. Nilimsema Prefe, nikawasema wanangu, nikamsema marehemu kwa kuniachia dunia kubwa hivi. Hakuna aliyenisikia ila kunguru.

Kol ya tatu ni mahali padogo. Kuna jabali kulia na jabali kushoto, upepo unaopita katikati hauna adabu, na mama mmoja alikuwa analima karanga pembeni. Aliniuliza nakwenda wapi. Sikujua nimwambie nini, nikamjibu kwa Kichewa changu, "Kuno." Hapa. Akacheka, akaendelea na jembe. Nikalaza baiskeli, nikajipangusa, nikatazama vizuri, kwa muda mrefu, kwa sababu nilijua nitaulizwa.

Kupata ruhusa ya pili kulichukua wiki. Nilifika wodini saa ya kuona wagonjwa, nikavuta ndoo nikaifanya kiti.

"Prefe, mi natoka ku kol ya tatu."

Macho yakaja kwangu. Alitaka yote. Njia ikoje baada ya viazi? Kuna kona ngapi? Maji yapo? Mawe ni meupe au meusi? Nilimjibu moja moja, na uso wake ukaanza kuwa ule wa mwalimu. Halafu akauliza lile swali.

"Ziwa?"

Njia nzima ndani ya minibasi nilikuwa nimebishana na nafsi yangu. Lakini huyu ni mtu aliyekwenda kwa Phiri miaka yote ili asiseme uongo.

"Haionekane, Prefe. Kuko milima ingine mbele, inashuka, inashuka, kisha moshi tu. Nilingoja sana. Haionekane."

Alifikiri. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu. "Dereva wa bongo yule!" alisema, maana uongo sisi tunauita bongo. "Miaka yote ile!" Akacheka tena, akafuta macho, na yalikuwa na maji zaidi ya yale ya kicheko.

"Na ulipita na nani?" akauliza.

"Nilikuwa peke yangu."

Kicheko kikakatika. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akajivuta, akakaa. Akakaa wima kabisa, yeye aliyewakatalia manesi siku zote.

"Peke yako? We mwanamuke, uko na akili? Na breki ile? Cheni ikikatika, ukiangukia mu shimo kule, mi nitajua na nani? Mi niko hapa, najua Mama fundi iko ku mashine yake, kumbe iko mu shimo! Nani atakuja kuniambia? Irresponsable! Ulitoka saa ngapi? Ulirudi saa ngapi? Ulimwambia nani? Jibu!"

Wodi nzima ilikuwa imegeuka. Nesi alisimama mlangoni na trei yake, anamtazama yule mgonjwa aliyekataa kukaa sasa amekaa na kidole juu. Yule mama wa Mtandire aliniinamia akaniuliza polepole kama huyu ni mume wangu. Nikakataa kwa kichwa. Kaka yako? Hapo sikukataa wala sikukubali, maana machozi yalikuwa yanashuka na wote walidhani nimeumizwa, wakati mimi miaka imepita hakuna mtu aliyetaka kujua nilitoka saa ngapi nikarudi saa ngapi. Kengele ya kuwatoa wageni ililia. Prefe hakuisikia, aliendelea kunigombeza, na mimi niliendelea kukaa pale juu ya ndoo.